Piga Picha Kabla ya Kukabidhi Ufunguo

Una matatu, teksi au lori? Sheria ya Kenya inataka gari lako likaguliwe kila mwaka. Lakini likirudi na bampa iliyopasuka, utathibitishaje kwamba liliingia likiwa zima?

Piga picha. Kabla ya kukabidhi ufunguo, lizunguke gari lote na simu yako. Piga mbele, nyuma, ubavuni, vioo na rimu. Piga dashibodi pia, injini ikinguruma, taa za onyo zionekane.

Kama gari lako liko chini sana, mwambie mkaguzi mapema asije akalikwaruza. Na tuseme kweli: breki iliyochakaa ikishindwa kipimo, hilo si kosa la mkaguzi. Taa iliyovunjwa ni jambo jingine.

Ukaguzi ukiisha, zunguka tena. Umeona uharibifu? Usitoke uwanjani. Mwite msimamizi aone. Andika malalamiko siku hiyohiyo, yapigwe muhuri, ubaki na nakala. NTSA, mamlaka inayosimamia ukaguzi, wasipokujibu, nenda Tume ya Haki ya Utawala. Tume hiyo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, bila malipo.

Piga picha kabla ya kukabidhi ufunguo. Kama unakwenda ukaguzi kesho, chaji simu leo usiku.