Mwasho Usiokwisha: Maneno kwa Wanaume wa Ufuoni



Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari. Nasema yale ambayo kliniki husema kila siku. Kuanzia Muhuru Bay hadi Mbita, mwanaume akiwashwa sehemu za siri hulaumu maji ya ziwa, kisha huenda duka la dawa, tena usiku asionekane, kununua krimu. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi. Mwasho hutulia siku chache, lakini kama ni kuvu, huzidi kuenea chini kwa chini. Baada ya mwezi ananunua nyingine.

Kuvu inayorudi chini ya govi inaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari. Krimu haitakuambia hilo. Tone la damu ya kidole litakuambia. Mwasho ukizidi usiku, na watoto nyumbani wanajikuna pia, huenda ni upele: nyumba nzima hutibiwa siku moja, na matandiko yafuliwe. Usaha au maumivu ukikojoa mara nyingi ni ugonjwa wa zinaa. Mwenzako asipotibiwa, atakuambukiza tena, hata kama kumwambia ni kugumu.

Tohara ya hiari, tunayoijua Nyanza tangu 2008, hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU. Haitibu maambukizi uliyonayo. Hayo hutibiwa kwanza.

Na sabuni ya kufulia, jamani, iacheni huko. Maji safi yanatosha.

Mkienda kliniki, bebeni krimu zote mlizotumia, daktari azione.