Kabla Mashine Haijawashwa: Utafutaji wa Dhahabu na Haki ya Mwenye Shamba



Tumeombwa tuseme juu ya mashine za kutafutia dhahabu, ambazo vijana wetu hapa Mwanga wanazizungumza sana, na ambazo wengine wamekwisha kuanza kuchangia fedha. Hatukuja kuwakataza watu kutafuta riziki iliyo ardhini. Kutembea juani siku nzima na sururu begani ni kazi, na kazi ya mikono ina heshima yake. Lakini yatupasa kuelewana kwamba haki katika shughuli hii huamuliwa kabla mashine haijawashwa. Dhahabu ikishaonekana, kila mtu huwa na masikio mazito.

Tuanze na chombo chenyewe. Sahani yake ya chini hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Palipo na metali, nguvu hiyo huamsha humo umeme mdogo, nayo metali hujibu, na aliyevaa hedifoni husikia mlio. Basi. Mashine haijui thamani ya kitu. Msumari, kizibo cha soda, ganda la risasi na punje ya dhahabu vyote huita. Wala haioni mbali. Punje ya ukubwa wa harage, kwa mashine nyingi, haisikiki ikipita kina cha shubiri moja au mbili. Nayo dhahabu iliyo kama unga ndani ya mwamba haisikiki kabisa. Chombo hiki hufaa zaidi mahali kama Chunya, kwenye machimbo ya Lupa yaliyogunduliwa mwaka 1922, kwa kuwa huko maji yamebeba punje tangu zamani na kuziacha karibu na uso wa ardhi. Hatusemi kwamba milima ya Upare haina dhahabu. Twasema kwamba mlio si dhahabu.

Hapa kwetu kuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Mnajua kwamba ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na kwamba chuma cha Ugweno kilinunuliwa hadi Uchaggani. Chuma hicho kilitoka katika mchanga mweusi uliookotwa vijitoni. Mchanga wa namna hiyo, wenye chuma kinachovutwa na sumaku, huisumbua mashine, ikalia pasipo na kitu. Kijana akisikia mlio, asianze kuchimba handaki. Achote udongo kwa koleo, aupitishe juu ya sahani. Ukilia, augawe nusu kwa nusu katika makarai mawili, apime kila nusu, aitupe iliyo kimya, aendelee kugawa mpaka abaki na konzi moja mkononi. Kisha alete sumaku ya kawaida. Kinachorukia sumaku si dhahabu. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na imewaokoa wengi na mashimo ya bure.

Tuseme kidogo pia juu ya ile inayoitwa mali ya Mjerumani, maana wapo wanaouza ramani zake. Ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliyapita maeneo yetu wakirudi nyuma kando ya reli ya Tanga, na ni kweli kwamba mwaka huohuo walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15. Lakini sarafu hizo, zipatazo elfu 16 na kidogo, zilitengenezwa Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, mbali sana na hapa. Kando ya reli mashine italia sana. Mtapata misumari ya reli. Na mkipata risasi au bomu, msiliguse, mwiteni polisi.

Sasa tufike penye uzito. Tumesikia makubaliano ya namna hii: mwenye mashine huchukua nusu ya kinachopatikana, mwenye shamba hupewa kidogo cha kumfunga mdomo, na vijana wanne au watano waliochimba hugawana kinachobaki. Wasipopata kitu, mwenye mashine hudai fedha za chakula na betri kutoka kwa vijana walewale. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji. Mashine ni mtaji. Mwenye nayo anastahili malipo, hatubishi. Lakini hastahili kuwa wa kwanza kulipwa na wa mwisho kupata hasara.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yasema madini ni mali ya umma, na hakuna ruhusa ya kutafuta wala kuchimba bila leseni. Leseni haitolewi na mwenyekiti wa kijiji, hata akipiga muhuri mara tatu. Hutolewa chini ya Tume ya Madini, na ile ya wachimbaji wadogo ni kwa ajili ya Watanzania. Tena, hata aliye na leseni hana ruhusa ya kuingia katika shamba lililolimwa au karibu na nyumba bila idhini ya maandishi ya mwenye kulikalia, na akiharibu hana budi kulipa fidia. Makaburi yana kinga kubwa zaidi: kuyagusa kwahitaji idhini ya Waziri. Mjane anayeambiwa kwamba dhahabu si yake na kwa hiyo anyamaze, ameambiwa nusu ya sheria. Na wajomba zake wakumbuke kwamba idhini hiyo ni yake anayelima, si yao.

Kisha kuna maji. Sakale, katika Usambara ya Mashariki, wachimbaji walimiminika mwaka 2003 na 2004, na vijito vinavyoingia mto Zigi, unaowanywesha watu wa Tanga, vikachafuliwa. Sisi twaishi kwa ndiva na mifereji. Shimo moja lililochimbwa juu ya mfereji huweza kujaza ndiva tope wakati wa kumwagilia mahindi, nayo zebaki ikioshwa kijitoni hairudi. Kila shimo lifukiwe siku ileile, kabla mbuzi au mtoto hajatumbukia. Likiachwa, jumuiya iitishe msaragambo, na mwenye mashine naye ashike koleo.

Tunashauri basi kwamba makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi wawili: nani ana leseni, shamba ni la nani na mipaka yake ni ipi, fungu la kila mmoja ni lipi, nani atabeba gharama pasipopatikana kitu, nani atafukia. Ziwe nakala tatu, ya mwenye shamba, ya wachimbaji na ya mwenye mashine. Asiyejua kuandika amwendee katekista wake, au aje ofisi ya parokia. Karatasi na kalamu zipo, na hatutozi kitu.