Kupasha Chuma Moto kwa Valvu ya Redio: Jibu kwa Vijana wa Karakana
(Hotuba ya ofisi ya miradi kwa walimu, mafundi na wanafunzi wa ufundi)

Tunawashukuru kwa kutupokea, na kwa maandazi ya asubuhi, maana barabara ya kuja huku mnaijua wenyewe.

Tumepokea ombi lenu la kutengeneza mashine ya kupasha chuma moto bila mkaa wala gesi, kwa kutumia valvu iliyotoka katika mtambo wa zamani wa redio na transfoma ya maikrowevu mbovu. Mmetaka jibu la ndiyo au hapana. Jibu tunalo, ila kwanza tuelewane mashine yenyewe inafanyaje kazi, kwa sababu hatari yake iko palepale ulipo uzuri wake.

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzalisha umeme katika waya huo. Sasa, badala ya waya weka kipande cha chuma ndani ya koili ya shaba, kisha pitisha katika koili umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme utazaliwa ndani ya chuma chenyewe, utazunguka humo ukikosa pa kutokea, na chuma kitapata moto. Hakuna kinachokigusa. Wale waliopata kuona majiko ya induksheni yanayouzwa mijini wameona jambo hilohilo: sufuria ya chuma huchemka, lakini sufuria yetu ya alumini ya kila siku hukaa baridi juu yake.

Katika mashine mnayoitaka, umeme hugeuka mara laki nne hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mkondo haupiti tena katikati ya shaba. Hukimbilia pembeni, katika ngozi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi. Ndiyo maana bomba la shaba la friji, lililo wazi ndani, hufaa sawa na fito nzima ya shaba, tena huachia nafasi ya kupitisha maji ya kulipoza. Katika chuma nacho joto huanzia kwenye ngozi. Viwanda vya Marekani viliitumia tabia hiyo tangu miaka ya 1930 kukaza shafti za injini: nje pawe pagumu pasilike, ndani pabaki laini pasivunjike. Mhunzi anayechovya ncha ya patasi majini anatafuta kitu cha namna hiyohiyo.

Valvu kazi yake ni nini? Wazee hapa wanazikumbuka zile chupa za kioo ndani ya redio kubwa. Ndani ya chupa hakuna hewa. Waya mmoja huwaka na kutoa elektroni, bamba la chuma huzivuta, na kati yake kuna wavu mdogo unaozifungulia au kuzizuia. Koili na kapasita zikiunganishwa hupokezana umeme kama mtoto anavyokwenda na kurudi kwenye bembea, na valvu ni yule anayesukuma bembea kwa wakati wake. Valvu ya aina ya 833A, inayopendwa na watengenezaji wa nyumbani, hutaka volti 10 na ampia 10 kwa ule waya wake tu. Hizo ni wati 100 kabla chuma hakijapata joto lolote. Jambo moja linatufurahisha: viwanda vilivyotengeneza valvu viliziweka ndani ya koili ya namna hii, vikapasha vyuma vya ndani kupitia kioo ili kufukuza mabaki ya hewa. Mashine ilisaidia kuzaa viungo vyake yenyewe.

Je, ina faida kwetu? Kilo moja ya chuma kufikia nyuzi 900 huhitaji kama sehemu moja ya sita ya yuniti ya umeme. Kwa kuwa mashine ya nyumbani hupoteza nusu au zaidi, tuseme theluthi moja hadi nusu ya yuniti. Kwa kuchomelea viungo vya shaba au kukaza ncha za patasi, hiyo ni nafuu ukilinganisha na debe la mkaa. Kwa kufua jembe zima, hapana. Kipande kikubwa hakiingii kwenye koili, na mvukuto wa mhunzi haukatiki umeme.

Sasa tuseme lile lililotuleta. Transfoma ya maikrowevu hutoa volti 2,000 hivi, na mkondo wake unatosha kuua mtu kwa mguso mmoja. Haifanani na mshtuko wa soketi ambao fundi husimulia kwa kicheko. Kapasita za kusafisha umeme huo huhifadhi chaji hata baada ya swichi kuzimwa na waya kuchomolewa ukutani. Kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye volti 4,000 hushika jouli 80, nayo hukaa kimya ikimsubiri mkono. Kwa hiyo rezista ya kumaliza chaji ni ya lazima, na fimbo ya kihami yenye ndoano iliyofungwa kwenye waya wa ardhini ni ya lazima pia. Maji ya kupoza hupita katika bomba lenye umeme, basi mpira uwe mrefu na maji yawe ya mvua, si ya kisima chenye chumvi. Pete na saa zivuliwe. Mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo asikaribie kabisa.

Kuna na majirani. Mashine ya laki nne hutoa pia mawimbi ya laki nane na ya milioni moja na laki mbili, ambayo huangukia katikati ya masafa ya kati ya redio. Bila sanduku la chuma la kuizunguka, tutawaharibia watu taarifa ya habari, na wenye mamlaka ya mawasiliano watakuwa na haki ya kutuuliza.

Jibu letu basi ni hili. Mashine ya valvu haitajengwa mwaka huu, na haitajengwa kamwe na wanafunzi peke yao usiku. Itajengwa atakapopatikana fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye mitambo ya redio, akae nanyi mwanzo hadi mwisho. Ila kanuni yake mtajifunza sasa hivi, kwa transista mbili, kapasita chache na betri ya gari ya volti 12. Umeme huo hauwezi kumrusha mtu, ingawa koili na msumari vitamuunguza asiyeangalia. Utapasha ncha ya msumari hadi iwe nyekundu. Mtaona pia kwamba ikikaribia nyuzi 770 sumaku haiivuti tena, na joto huanza kupanda polepole. Andikeni dakika na ampia katika daftari, maana fundi atakayekuja ataanza kwa kuziuliza.

Transfoma ya maikrowevu imefungiwa stoo na ufunguo tumemkabidhi mwalimu wa umeme. Bomba la shaba, mita tatu, tumekuja nalo kwenye gari. Betri mtaazima ya trekta, baada ya saa za shamba.