Kuziba Meno kwa Vyombo vya Mkono

Maneno haya yalisemwa na tabibu mmoja wa meno mbele ya wazee na walimu waliokutana Dodoma. Tumeyaandika hapa ili na wale wasiopata nafasi ya kufika wayasome.



Nimeombwa niseme habari za meno mabovu. Nina neno moja tu la kuwaambia, nalo ni hili: jino lililotoboka si lazima ling'olewe. Laweza kuzibwa, na vyombo vya kulizibia havitaki umeme wala maji ya bomba. Vyote huingia katika mfuko mmoja wa turubai. Najua wengi hawasadiki. Mtu wa Bahi au Chamwino akisema kwamba aenda kwa daktari wa meno, jirani zake hufahamu mara moja kuwa aenda kung'oa. Hata sisi wenye kazi hii tumezoea kumwuliza mgonjwa "lipi?" kabla hajaketi, kana kwamba achagua kuku wa kuchinja.

Yafaa kwanza tulijue jino lenyewe. Gamba lake la nje ni gumu kuliko mfupa wo wote wa mwili. Chini ya gamba hilo pana mfupa laini zaidi, na katikati kabisa pana kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vya kinywani hula sukari tulayo na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha gamba kidogo kidogo mpaka lipasuke. Ikifika katika ule mfupa laini, uozo huenda kwa haraka na kupanuka pande zote. Wazee wanijualisha mchwa wa tembe: nguzo kwa nje yaonekana nzima, ina kitundu kidogo tu, lakini ukiigonga kidole chazama. Jino nalo ni hivyo hivyo. Tundu la juu ni kama kichwa cha sindano, na chini yake pana pango. Lakini hapana mtu abomoaye tembe nzima kwa ajili ya nguzo moja iliyoliwa upande.

Basi mtajuaje kama jino bado laweza kuokolewa? Likiuma unywapo maji baridi au ulapo kitu kitamu, kisha maumivu yakapita upesi, mara nyingi bado lina nafasi. Likiuma lenyewe usiku wakati hujala kitu, au shavu likivimba, au usaha ukitoka katika ufizi, uozo umekwisha fika katika kiini. Hapo kuziba juu tu ni kumfungia adui ndani ya nyumba. Jino la namna hiyo hutaka kusafishwa mizizi yake katika hospitali kubwa, au kung'olewa. Watu wetu hungoja dalili hizi za pili ndipo waje, na ndiyo sababu koleo zetu hufanya kazi kuliko vijiko vyetu.

Njia hii nitakayoieleza ilijaribiwa kwanza katika nchi yetu hii. Katika miaka ya katikati ya 1980, waalimu wa chuo cha meno cha Dar es Salaam, na miongoni mwao Mholanzi aitwaye Jo Frencken, waliona kwamba mashine za keekee za kutobolea meno hazifai vijijini, kwa kuwa hapana umeme wala fundi wa kuzitengeneza zinapoharibika. Wakaona ni afadhali kutumia vyombo vya mkono peke yake. Baadaye njia hiyo ilipimwa Thailand tangu mwaka 1991, na Zimbabwe tangu 1993, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya la Dunia likaitangaza kwa mataifa yote. Nasema haya kwa sababu nimesikia watu wakiiita "kuziba kwa kimaskini". Leo hutumika hata katika nchi zenye mali nyingi, hasa kwa watoto na wazee wanaoogopa mlio wa mashine.

Sasa vyombo. Vya kutazamia ni kioo kidogo cha mdomoni, kibano na sindano ya kupapasia. Kisha vipo vijiko vya kukwangulia, vikubwa na vidogo. Kilicho kidogo kabisa upana wake wapata milimita 1. Kipo kishoka cha kupanulia mdomo wa tundu, na kisu cha kulainishia. Mwisho, pamba, vaselini, na saruji ya meno iitwayo glasi ionoma, ambayo Alan Wilson na Brian Kent waliibuni Uingereza katika miaka ya mwisho ya 1960. Ni unga na maji yake mbalimbali. Saruji hii ina sifa mbili: hushikana na jino lenyewe bila kuchongewa kishikio, na hutoa floridi kidogo kidogo, ambayo husaidia kulilinda jino.

Mgonjwa hulazwa chali juu ya meza, kichwa ukingoni, nami huketi nyuma ya kichwa chake. Naweka pamba kandokando ya jino ili mate yasifike. Kwa kishoka navunja kingo nyembamba za gamba zisizo na kitu chini yake, mpaka kijiko kiweze kuingia. Kisha nakwangua. Uozo hutoka kama makapi yaliyolowa. Naanza kandokando, chini ya gamba, nahakikisha pamekuwa pagumu; halafu naenda katika sakafu ya tundu pole pole sana, kwa maana hapo kiini ki karibu. Uzuri wa kijiko ni kwamba huondoa kilicho laini na kugoma penye ugumu. Keekee haijui tofauti hiyo. Kwa sababu hii watu wengi hawahitaji sindano ya ganzi.

Tundu likiisha kuwa safi napaka maji ya asidi hafifu kwa sekunde 10 au 15, nasuuza kwa pamba mbichi, nakausha kwa pamba kavu. Ndipo msaidizi wangu achanganye unga na maji kwa kipimo cha mtengenezaji, upesi, kama nusu dakika. Saruji lazima iingie jinoni ingali inang'aa. Ikipoteza mng'ao, itupwe, hata kama roho yauma kwa gharama. Najaza, napaka vaselini kidoleni juu ya glavu, nabonyeza kwa nguvu ili saruji iingie na katika mifereji mingine ya jino. Ziada naiondoa, namwambia mgonjwa aume, natazama kama haizidi, napaka vaselini tena, kisha namwonya asile kwa muda wa saa moja.

Adui mkubwa wa kazi hii ni mate. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilimzibia mtoto mmoja ambaye alikuwa akilia, nikaona haya kubadili pamba mara ya tatu. Baada ya siku chache mama yake alinijia na ile saruji imefungwa katika kipande cha karatasi, akaniuliza kama nairudisha au nanunua. Sikuwa na jibu. Jambo la pili ni makali. Kijiko butu hakikwangui, husukuma tu, na mgonjwa huumia. Kila juma vijiko vyetu hunolewa juu ya jiwe laini lenye mafuta, kisha huchemshwa katika sufuria ya mvuke yenye kifuniko cha kukaza, dakika 15 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu.

Walimu, neno hili ni lenu hasa. Mtoto apatapo umri wa miaka 6 hivi, huota gego nyuma ya meno yake yote ya utoto. Halisukumi jino lo lote, wala hapana linalong'oka kulipisha. Kwa hiyo wazazi hulidhani ni la utoto, na likitoboka husema, "Ling'oe, litaota jingine." Halitaota. Hilo ndilo jino la kutafunia mpaka uzeeni. Mtoto akifika darasa la pili, mwambieni afungue kinywa mwangani, mtazame lile la mwisho nyuma. Mkiona weusi wenye shimo, au chakula kinachoganda pale pale kila siku, andikeni jina lake.

Lakini msichanganye uozo na rangi. Huku kwetu na zaidi upande wa Singida, visima vingine vina floridi nyingi, na watoto wanywao maji hayo hutoka na meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Rangi hiyo si uozo, wala mswaki hauitoi. Tatizo lao ni la kisima, na hilo ni shauri la watu wa maji.

Sitawadanganya kwamba kila jino lililozibwa hukaa. Meno ya utoto yaliyotoboka upande mmoja tu, kati ya 100 zaidi ya 90 huwa yangali na saruji yake baada ya miaka 2. Yaliyoliwa pande mbili au zaidi, ni kama 60 na kitu tu. Tofauti hiyo ni ya kuja mapema na kuja kwa kuchelewa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya la Dunia liliiingiza saruji hii katika orodha yake ya dawa za lazima. Basi kamati za zahanati na vituo vya afya zinapoandika mahitaji yao ya mwaka, hazina sababu ya kuona haya kuiandika pamoja na dawa za malaria. Vijiko hudumu miaka mingi kama havikupotea. Unga na maji yake ndivyo viishavyo, navyo vina tarehe ya mwisho, basi msiagize vingi kuliko kazi.

Shule itakayotaka tuje, itutayarishie meza mbili ndefu zilizo imara, ndoo mbili za maji safi, jiko la mkaa, na chumba chenye dirisha la mashariki. Twaanza saa mbili asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Watoto wale kwanza nyumbani, na wale walioandikwa majina waje na mzazi mmoja, ili akione kile kitokacho katika jino la mwanawe kabla hatujaliziba.