Maneno Nayo ni Sehemu ya Dawa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii, sisi wachache wa chama hiki tufanyao kazi katika zahanati na hospitali. Hatukuja kuwafundisha uganga. Tumekuja kukiri kosa letu na kuwaomba mtusaidie kulirekebisha, nalo ni kosa la kusema na wagonjwa kwa maneno wasiyoyafahamu, kisha kuwalaumu kwa kutoyafuata.

Twaanza na kisa tulichokiona kwa macho yetu. Mahali hatupataji, wala mwenyewe hatumtaji. Mama mmoja alimleta mtoto wake mwenye homa. Akapimwa damu, ikaonekana ni malaria. Akapewa dawa ya mseto, ile ambayo Tanzania Bara iliianza mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Dozi zake ni 6 katika siku 3: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya muda wa saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zifuatazo. Mtoto alimeza ya kwanza mbele yetu, yapata saa 4 asubuhi. Mmoja wetu akamwambia mama, "Baada ya saa nane mpe tena." Akamwuliza, "Umefahamu?" Naye akajibu kwa adabu, "Nimefahamu, Bwana Mganga."

Mabwana na Mabibi, ninyi nyote mwasema Kiswahili. Tazameni neno hilo. "Baada ya saa nane" laweza kuwa muda wa saa nane, na laweza kuwa alasiri, saa nane ya mchana ikiisha kupita. Sisi tulikusudia saa 12 jioni. Mama akampa mwanawe saa 8 na robo mchana. Hakukosea lugha yake. Sisi ndio tuliosema neno lenye njia mbili, tukamwacha achague peke yake.

Siku ya tatu asubuhi mtoto alikuwa akicheza. Mama akavifunga vidonge vilivyosalia katika kitambaa, akaviweka akiba kwa homa nyingine, kama mtu mwangalifu awekavyo unga wa kesho. Hakuna aliyemwambia kwamba homa huweza kutoka na vijidudu vikabaki katika damu. Baada ya wiki tatu homa ikarudi, na safari hii ikaja na degedege. Nyumbani wakasema degedege si ugonjwa wa hospitali; usiku mzima ukapotea katika kutafuta tiba nyingine. Mwajua kwamba ziko nyumba nyingi, hasa huku pwani, zilizorithi fikra kwamba degedege ni jambo la mashetani, wala halina uhusiano na malaria. Sisi nasi tulijua hayo, hata hivyo hatukumwambia mama yule maneno haya mepesi: "Malaria ikizidi huleta degedege. Ukiiona, mlete upesi, hata usiku."

Mwenyezi Mungu alimnusuru mtoto. Lakini tulipokaa kulihesabu jambo lile hatua kwa hatua, tuliona kwamba kila hatua ilianza na neno letu, au na kimya chetu.

Mifano mingine ni mingi. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa tiba ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza, kisha dawa mbili kwa miezi 4. Mojawapo, rifampisini, huufanya mkojo kuwa na rangi ya machungwa au wekundu. Asiyeambiwa mapema hudhani kwamba anatokwa damu, akaiacha dawa iliyokuwa ikimponya. Aliyeambiwa huiona rangi hiyo akatulia. Tena, mama wa mtoto anayeharisha hupewa pakiti ya chumvichumvi ichanganywe na lita 1 ya maji safi. Asipoonyeshwa lita ni kiasi gani, aweza kuimimina yote katika kikombe kimoja, ikawa kali hata kumdhuru mtoto. Na majibu ya vipimo je? Twasema "hasi" na "chanya". Mtu aliyezoea kusikia kwamba jambo chanya ni jambo jema, afahamuje kwamba tunampa habari ya ugonjwa? Yafaa tumwambie wazi: "Tumepima, tumeviona vijidudu," au "Hatukuviona."

Wako wenzetu wasemao kwamba maneno mepesi huishusha heshima ya elimu. Twawajibu kwa upole kwamba heshima ya elimu ya tiba ni mgonjwa kupona. Wengine husema foleni ni ndefu na saa haitoshi. Hilo ni kweli, nasi twalijua kwa miguu yetu iliyochoka. Lakini mama yule alirudi, akatuchukulia usiku na mchana. Kueleza vema mara ya kwanza kungalichukua dakika chache.

Basi twafanyaje? Kwanza, tumeacha kuuliza "Umefahamu?", kwa kuwa mtu mwenye adabu zetu hatamjibu mganga "La." Badala yake twasema, "Mama, nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utamwambiaje bibi yake mtoto habari ya dawa hii?" Akieleza sawasawa, aende kwa amani, akikosea, twaeleza upya kwa maneno mengine, na kosa twalichukua sisi. Pili, twataja saa yenyewe: "leo saa 12 jioni, jua likizama." Tatu, hatuandiki "1 x 3" tukadhani tumesema. Twasema kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, na twauliza nyumbani hula mara ngapi, au kama mgonjwa amefunga, kabla ya kuagiza dawa ya baada ya chakula. Nne, twaeleza mambo machache tu kwa wakati mmoja, na la hatari huja mbele: dalili ipi imrudishe mgonjwa mbio.

Sasa ombi letu kwenu, makarani, waalimu na wengineo. Ninyi ndio mnaoletewa karatasi za hospitali na jirani zenu, mkaambiwa, "Tusomee, Bwana." Tafadhali msikisie. Neno msilolijua, mrudisheni mtu kwetu aulize, na mwambieni kwamba kuuliza si utovu wa adabu. Tena mkiona tumeandika lisilosomeka, tuambieni waziwazi. Hatutakasirika, na yeyote kati yetu atakayekasirika, mkumbusheni kwamba hotuba hii aliisikia.

Tumeajiriwa kuwatumikia watu. Dawa iliyotoka ghalani bila maneno ya kufahamika ni kama barua iliyofika bila msomaji: imefika, na habari yake haijafika.