Mlaji Mezani: Kuuliza Kabla ya Kuagiza
Mada kwa walaji wa Nachingwea na Ruangwa

Katika lugha ya sheria, kila anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake huitwa mlaji, hata kama alichonunua ni bati la kuezekea. Leo tunalirudisha neno hilo kwenye maana yake ya asili, kwa kuwa tunamzungumzia mtu aliyeketi mgahawani akisubiri sahani ya samaki.

Tuchukue mfano. Minada ya korosho imeanza, fedha zimeingia, na baba mmoja amewaalika wakwe zake kwenye mgahawa wa mtaani uliopambwa vizuri. Meza ina kitambaa cheupe, muziki ni wa taratibu, mhudumu ni mwenye adabu. Anaambiwa: “Samaki yupo, bei inategemea ukubwa.” Baba anaona haya kuuliza zaidi mbele ya wageni. Wanakula, wanafurahi, kisha bili inaletwa. Analipa kimya, na sehemu ya fedha aliyoitenga kwa palizi ya mikorosho imeondoka. Hali kama hiyo yaweza kumpata pia mgeni aliyekuja Ruangwa kuitazama Namungo ikicheza katika Uwanja wa Majaliwa.

Huenda mwenye mgahawa huyo hakuvunja sheria yoyote. Kilichomgharimu baba yule ni haya. Ndiyo maana neno letu la kwanza ni hili: kuuliza si ujinga, wala si ushamba. Uzuri wa mahali haumwondolei mlaji haki ya kujua anachonunua.

Kwanza, bei. “Inategemea ukubwa” ni jibu la haki, mradi samaki mwenyewe aoneshwe kabla ya kupikwa na bei yake itajwe kwa shilingi. Uliza pia kama ugali, wali au kachumbari vimo katika bei hiyo. Usipopenda bei, unayo nafasi ya kuchagua samaki mdogo zaidi au chakula kingine. Baada ya kula nafasi hiyo haipo. Ukilipa, dai risiti ya kielektroniki na uhakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho ulichotoa. Risiti hiyo ni wajibu wa kodi, na kwako ni ushahidi siku utakapolalamika.

Pili, safari ya samaki. Nachingwea na Ruangwa ziko mbali na maji ya chumvi. Changu au nguru anayeliwa hapa ameshushwa pwani, kama Lindi, Kilwa au Mtwara, kisha akasafirishwa kwa barabara. Uzima wake unategemea barafu. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika haraka vihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5, na visiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Basi uliza: “Samaki huyu amefika lini, na amehifadhiwaje?” Akiletwa, mtazame. Macho ya samaki mzima ni angavu, mashavu ni mekundu, nyama ikibonyezwa hurudi, na harufu yake ni ya bahari, si ya uvundo.

Hata hivyo, macho na pua havitoshi. Jodari, nguru na vibua wakiachwa kwenye joto hufanya kemikali iitwayo histamini, na kemikali hiyo haiondolewi na moto, ndimu wala pilipili. Samaki anaweza kupendeza na bado akadhuru. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa: uso kupata joto na wekundu, kichwa kuuma, ngozi kuwasha, mdomo kuchoma kama uliotafuna pilipili, moyo kwenda mbio. Ukihisi mdomo unachoma isivyo kawaida, acha kula na nenda kituo cha afya. Ukipumua kwa shida, usisubiri hata kidogo.

Hapa tunapenda kumtendea haki mfanyabiashara. Samaki aliyegandishwa vizuri tangu pwani si samaki duni. Mara nyingi ni salama kuliko yule aliyepigwa jua kutwa. Kosa ni kumwita samaki wa leo ilhali ni wa wiki iliyopita. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora au bei ya anachouziwa.

Tatu, samaki mbichi. Wengi wetu husafiri kwenda Dar es Salaam, na huko hupatikana sushi, mlo wa Kijapani wa wali uliotiwa siki, ambao mara nyingi huandaliwa kwa samaki asiyepikwa. Hatuukatazi. Ila samaki huyo hupaswa kugandishwa kwanza ili vimelea vife, kwa mfano katika nyuzi joto 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na hata hivyo si bakteria wote wanaokufa. Uliza kama jambo hilo limefanyika. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye kinga dhaifu ya mwili waagize kilichopikwa. Samaki wa mtoni au ziwani asiliwe mbichi.

Likitokea tatizo, anza na msimamizi wa mgahawa, kwa utulivu. Tunza risiti, andika tarehe na saa. Chakula kikikudhuru, mwarifu afisa afya wa halmashauri yako. Usalama wa chakula tangu mwaka 2019 uko pia chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Ukipotoshwa kuhusu bei au ubora, peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Ndugu wananchi, mwenye mgahawa mwaminifu haogopi maswali yetu, kwani ndiyo yanayomtofautisha na asiye mwaminifu. Baba yule akirudi msimu ujao na wakwe zake, aulize mbele yao bila haya. Watakula kwa amani zaidi, naye atabaki na fedha ya palizi.