SHIMO LA TAKATAKA: TUJUE KWANZA KILICHOMO

Hotuba ya mwakilishi wa kitengo cha usafi na mazingira, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nimeombwa kusema juu ya shimo la zamani la takataka. Vijana wanataka pawe kiwanja cha mpira. Akina mama wanataka bustani ya mboga. Maombi yote ni mema. Lakini tunajua kilichotupwa pale miaka yote: betri za redio, betri kubwa za sola, makopo ya rangi na ya dawa za wadudu.

Ndugu zangu, mjini Mombasa, Kenya, kuna mtaa uitwao Owino Uhuru, wenye watu wapatao 3,000. Karibu yao kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Mama mmoja, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi pale. Mwanawe aliugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini. Mama huyo aliacha kazi, akaungana na wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mazingira yao yasafishwe. Rufaa zilifuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha fidia hiyo.

Watu wale hawakuwa na vyeo. Walikuwa na umoja. Nao walijifunza kwamba kufunga kiwanda si kusafisha ardhi. Risasi haiozi wala haiishi kwa moto. Hubaki udongoni, bila harufu. Mtoto huishika akicheza, akatia mkono mdomoni, ikamdhuru ubongo, akawa mzito wa kujifunza.

Kwa hiyo kitengo chetu kinapendekeza haya:

1. Kila bloki itoe watu wawili, mmoja mwanamke, wachore ramani ya shimo pamoja na wazee waliofika hapa mwanzo. Wao ndio wanaokumbuka nini kilitupwa wapi. Mtaalamu mgeni hawezi kujua.

2. Kamati iombe kwa barua udongo upimwe, na majibu yasomwe mkutanoni kwa lugha tunayoielewa sote, yasifungiwe kabatini.

3. Kabla ya majibu, pawekwe uzio. Watoto wasicheze pale, mboga zisilimwe, na betri zisichomwe popote.

4. Majibu yakija, tuamue pamoja na wenyeji. Huenda udongo ukahitaji kuondolewa, au kufunikwa kwa udongo safi na nyasi. Mahali panapofaa mpira huenda pasifae mchicha.

Wapo watakaosema: mkimbizi hana ardhi, anajisumbulia nini? Nawajibu: watoto wanaochezea vumbi lile ni wetu. Tena, siku tutakaporudi kwetu, jirani zetu hawa waliotupokea watabaki na ardhi hii. Tusiwaachie sumu kama malipo ya ukarimu wao.

Uandikishaji wa watu wa ramani unaanza leo, kwenye meza ya kitengo, baada ya ngoma.